Hodi ya Tatu

1.

TANGAZO

Umoja wa Warina Asali, Kata Tano. Wanachama wote wanaarifiwa kuwa kuanzia Jumatatu makundi yetu yote ya mtandaoni yatafungwa. Litabaki kundi kuu moja, la matangazo tu, na chini yake makundi madogo matano.

Nyamizi Kasanda, Katibu.

2.

Makundi yaliyokutwa, kama Katibu alivyoyaorodhesha:

Warina Asali
Warina Asali 2
Warina Asali HALISI
Mizinga ya Kisasa (tangu Pasaka ni picha za maua na "asubuhi njema")
Kamati
Kamati bila Mwenyekiti
Msiba wa Mzee Luziga (mzee alizikwa mwaka juzi, siku hizi humo wanauziana mbuzi)

3.

Msomaji, usicheke. Na wewe unalo kundi la msiba unaloona haya kujitoa.

4.

Nyamizi alikaa mezani siku nne, simu kwenye chaji, chai ikipoa. Aliwagawa watu kwa msitu ilipo mizinga yao, si kwa kata wanakolala, maana moto ukizuka msituni anayetakiwa kujua kwanza ni mwenye mzinga. Mwenyekiti, Bwana Mihayo, alimwambia katibu wa namna hii hajapata kutokea. Nyamizi akavimba kichwa kidogo, na alistahili.

Akafika jina la 87.

Kalunde Kasanda. Mizinga kumi na miwili, msitu wa Mlambo.

Mizinga ya marehemu baba yao, hiyo. Na kiongozi wa kundi la Mlambo, kwa kura za wanachama wenyewe, ni Nyamizi.

Na Kalunde ni dada yake.

5.

KANUNI (sehemu)

Kifungu cha 3. Atakayeingizwa katika kundi dogo atabisha hodi.

Kifungu cha 4. Karibu hutolewa na kiongozi pekee. Atakayebisha hodi mara tatu bila kukaribishwa ataondoka kwa heshima, kama ilivyo desturi.

Kifungu cha 4 alikiandika Nyamizi kwa mkono wake, kabla hajafika jina la 87. Alikuwa anawakomesha wauza mbuzi.

6.

Yaliyosikika bombani, ndoo zikijaa:

— Wale hawasemeshani tangu msiba wa baba yao. Mwaka wa sita huu.

— Kisa?

— Kalunde alirina mizinga ya mzee kabla ya arobaini, bila kumwita mdogo wake. Akaja kuomba radhi. Akabisha hodi mara tatu, na mwenzie yumo ndani, redio inasikika.

— Kisha?

— Kisha redio ikazimwa.

7.

Kundi la Mlambo, Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Kalunde: Hodi.

Wamesoma watu 22.

8.

Ijumaa.

Kalunde: Hodi humu.

Hakuna aliyejibu. Kanuni ni kanuni. Bwana Mihayo alimpigia Nyamizi, akazungukazunguka na habari za mvua, halafu akauliza kama mtandao huko kwake unasumbua. Nyamizi akasema unasumbua. Uongo mtupu, mtandao ulikuwa mzima, aliyesumbuka ni yeye.

Aliandika: Karibu dada. Akafuta.

Karibu. Akafuta.

Kar

Loo, neno la herufi sita linamshinda mtu mzima.

9.

Ukweli wenyewe ni huu, na yeye haupendi: hasira ilimwisha mwaka wa pili tu. Iliyobaki ni aibu. Alimkumbuka dada yake mno, hasa msimu wa kurina, maana hakuna mwingine aliyejua kumfukizia nyuki moshi bila kumfokea.

10.

Jumamosi.

Saa nne, kimya.

Saa sita, kimya.

Saa saba ikaingia sauti, sekunde tisa. Kundi zima liliisikia:

"Mdogo wangu, hodi ya tatu sibishi. Mwaka ule niliibisha, ikanibidi niondoke. Safari hii nipo tu hapa nje."

11.

TAARIFA KWA MWENYEKITI

Kundi la Mlambo: wanachama 23.
Kiongozi: 1.
Waliokaribishwa: 21.
Aliye nje: 1.
Sababu:

(Hapo hakujaza.)

12.

Alijifunga kitenge, simu akaiacha mezani. Kwa Kalunde ni mwendo wa nusu saa, unapita bombani. Wanawake waliinamia ndoo zao alipopita, kisha wakaanza umbea upya. Njiani alitunga maneno mengi ya kusema, na alipofika mlangoni yakamtoka yote kichwani.

"Hodi," alisema.

Ndani redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

Akabisha ya pili.

Redio ikazimwa.

Nyamizi akangoja. Ya tatu hakubisha. Alivua kandambili, akaketi pale pale kizingitini.