Safu ya Sita

"Imekataa tena, Osewe," Anwar alisema, akaisukuma kibodi mbele kama sahani ya chakula kilichochacha. "Mara ya nne. Password imebadilishwa. Umeibiwa, ndugu yangu."

Lazarus Osewe hakuangalia kioo cha kompyuta. Aliangalia vidole vya Anwar. Majiko yake ya mabati yalikuwa Soko la Toi bila mtu wa kuyagonga, naye tangu asubuhi alikuwa amebanwa kwenye saiba hii ya Anwar ya upana wa kitanda, akilinda vidole vya Mnubi huyo asiibiwe mara ya pili.

Leo Ijumaa saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho. Waliobomolewa nyumba kando ya mto waliambiwa na ofisi ya makazi hivi: jina likitoka, barua itakuja kwa email, nawe utajibu kwa email hiyo hiyo kwamba chumba unakitaka. Usipojibu, kinaenda kwa mwingine. Jina lake lilikuwa limetoka. Alilisoma ukutani herufi kwa herufi. Yeye na binti yake Amondi walikuwa na miezi saba wakilala stoo ya kanisa, kati ya ngoma na viti vya plastiki. Na nani aliamua kwamba mtu mwenye simu ya tochi apewe chumba kwa email? Waulize wenye tai. Serikali ikishika kalamu, maskini hushika shavu.

"Kuna njia moja," Anwar alisema. "Inataka kutuma namba ya siri kwa laini iliyofungua hii email. Inaishia na sifuri nne. Ni yako?"

"Ya marehemu," Osewe alisema.

Email hiyo ilifunguliwa kwa mkono wa mkewe. Yeye ndiye aliyesoma hadi darasa la nane, yeye ndiye aliyekuwa na simu ya kupangusa. Alipokufa, laini ilikaa bila kuwekwa kredo, kampuni ikaichukua na kumuuzia mtu mwingine. Hata namba ya maiti ina soko Nairobi.

Osewe alipiga. Sauti ya mwanamke ikaitika.

"Halo, mama. Kuna namba itaingia kwa simu yako sasa hivi. Nisomee tu, mimi…"

"Ushindwe!" mwanamke akafoka. "Nyinyi wezi mnaopiga simu kutoka jela hamchoki? Juzi mlimmaliza dada yangu pesa hivyo hivyo, 'nisomee namba, nisomee namba.'"

"Mimi si mwizi, ni fundi wa majiko."

"Kama wewe ni mtu na si jini, kuja Gatina. Saluni ya Wangoi, chini ya kanisa la ghorofa. Nikuone macho."

Akakata.

"Huyo ndiye mwizi," Osewe alisema. "Anayejua kufoka hivyo ana kitu anaficha."

"Ama amewahi kuumwa," Anwar akajibu. "Enda. Ukifika nibip, natuma namba. Inakaa dakika kumi tu."

Alitembea. Alivuka Ngong Road, akaifuata njia hadi Kawangware, shati likimganda mgongoni, kila aliyemtazama akimuona kama ndiye mwizi wake. Huko mtaa wa Gatina aliikuta saluni: kioo kimoja, wateja watatu, na Wangoi mwenyewe, mnene, simu ameichomeka kifuani kama mtu anayelinda mtoto.

"Ni wewe wa namba?"

"Ni mimi. Hiyo laini ilikuwa ya mke wangu."

"Kila mwizi ana mke aliyekufa," mteja mmoja alisema chini ya kikausha nywele. Wakacheka.

Wangoi hakucheka. "Nitakuuliza moja. Kila Jumapili, watu wakitoka kanisa, kuna bibi mzee hunipigia. Anaongea Kijaluo, mimi sisikii hata neno. Lakini kuna jina huanza nalo. Ni gani?"

Osewe alishika mlango. Kwenye kitambulisho mkewe alikuwa Rosemary. Mtaani alikuwa Mama Amondi.

"Adhis," alisema. "Humuita Adhis. Huyo ni mama yake. Alikuwa hapo kaburini tukimzika, lakini umri umemla kichwa. Amesahau."

Mteja alikitoa kichwa chini ya kikausha nywele.

"Mimi humwambia tu, 'Ee, mama. Ee, mama,'" Wangoi alisema polepole. "Anafurahi, anakata." Akaitoa simu kifuani. "Mwambie mtu wako atume."

Namba ikaingia. Osewe akamsomea Anwar moja moja, kwa sauti ya kuhubiri. Upande wa pili kibodi ya Anwar ikalia.

"Imefunguka?"

"Imefunguka. Rudi, Osewe."

Alirudi ikiwa inakaribia saa tisa na nusu. Anwar alimsomea barua iliyotumwa kutoka kwa email yake Jumanne, saa nne asubuhi, saa ambayo yeye alikuwa akigonga mabati: *Mimi, Lazarus Osewe, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa, naachilia chumba nilichopewa…* Chini yake ofisi ilikuwa imejibu kwamba chumba kimeshapewa mwingine.

"Bila kushurutishwa," Osewe alirudia. Neno hilo hakuwahi kulitumia maishani. Alimkamata Anwar kola. "Ni wewe! Nani mwingine anajua password yangu?"

"Niachilie! Mimi sikuijua hadi leo uliponiandikia. Ulimpa nani mwingine? Fikiria, bwana!"

Osewe aliiachia kola. Alikumbuka meza ya kujiandikisha, uwanjani, mwezi wa tatu. Karatasi ndefu ya ofisi yenye mistari. Safu ya kwanza jina, ya pili kitambulisho, ya tatu simu, ya nne idadi ya watoto, ya tano email. Ya sita, password. Karani, Simeon, aligonga meza na kalamu: "Jazeni zote, ama fomu inarudi." Watu mia tatu walijaza. Serikali imeuliza, nani angeiacha wazi?

Alifika ofisini saa kumi kasoro dakika tano. Simeon alisoma karatasi aliyochapiwa na Anwar, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Barua imetoka kwa email yako, mzee. Kompyuta haidanganyi."

"Ninyi ndio mlikuwa na password yangu."

"Una ushahidi?" Simeon alitazama saa ya ukutani. "Andika malalamiko. Yanapokelewa kwa email."

Nje, kwenye veranda, meza ilikuwa imewekwa tena. Awamu ya pili. Foleni ilizunguka ukuta, na mbele kabisa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameinama juu ya karatasi, akiandika taratibu kwa herufi kubwa. Alikuwa amefika safu ya tano.

Osewe aliweka kiganja chake cheusi cha masizi juu ya safu ya sita.

"Mama, hapa usiandike kitu."

"Watanirudishia fomu."

"Wacha warudishe. Mimi nilijaza. Uliza chumba changu kiko wapi."

"Askari!" Simeon aliita kutoka mlangoni. "Toa huyo mzee hapo!"

Osewe hakuondoa mkono. Mama alimtazama askari akija, akautazama mkono, akaiweka kalamu chini. Nyuma yake mtu akauliza, "Safu gani? Ati safu gani?" na swali likaanza kutembea kwenye foleni, mdomo kwa mdomo, hadi kule ukuta unapopinda.