Agali ya Haji Mizhiri

Risasi zilikuwa bado zinalia Razaki aliporuka kutoka kwenye gari la wagonjwa, begi la huduma ya kwanza begani. Koo mbili za kaskazini mwa Basra zilikuwa zinagombea maji ya mfereji. Kijana Falahi alikuwa chini, paja limepasuliwa na risasi, damu inaruka.

"Akifa, na wewe unamfuata!" alifoka baba yake, Haji Mizhiri, bunduki mkononi.

"Sawa, mzee wangu, lakini nipishe nifanye kazi."

Alichana kanzu kwa mkasi, akafunga mkanda wa kubana damu juu ya jeraha, akaanza kuzungusha kijiti chake. Kijiti kikakatika. Plastiki! Idara ilikuwa imenunua mikanda ya bei chee, na begini hamkuwa na mwingine. Razaki alitukana kwa sauti. Midomo ya Falahi ilikuwa imeanza kuwa kijivu.

Ndipo akaipokonya agali, ile kamba nene nyeusi kichwani mwa mzee. Kwa watu wa huko, heri umpige mtu kofi sokoni kuliko kumvua agali. Aliizungusha pajani, akapenyeza mkasi, akasokota. Kitako cha bunduki kikamtwanga mdomoni, meno mawili yakamtoka. Hakuachia. Alisokota mpaka damu ikakata.

Falahi alipona. Lakini asante ya punda ni mateke. Wajumbe wa Haji walifika kituoni: wazee wa ukoo wa Razaki waje Ijumaa kuomba radhi kwa aibu ile, la sivyo nyumba yake itamiminiwa risasi.

"Bosi, nilikuwa kazini," Razaki alisema, mdomo umevimba. "Idara ikanisemee. Mkanda mlionipa nyinyi ndio uliovunjika."

Mkuu wa kituo alikoroga chai yake. "Idara haina ukoo, Razaki. Wewe unao."

"Na ningemwacha afe? Baba yake angeniua palepale!"

"Hapo tungekupa cheti cha shujaa."

Simu ikalia: wanapigana tena, kulekule mferejini. Dereva Satari akachungulia mlangoni.

"Kaka, hao watu wanakutafuta. Tunakwenda kweli?"

Begi lilikuwa limejazwa upya kwa mikanda ileile ya plastiki. Razaki aliimwaga yote mezani, juu ya chai ya bosi. Akavua mshipi wake wa ngozi, akautia begini, akatoka mbio, mkono mmoja umeshika begi, mwingine umeshika suruali.