Dume la Kilo Mia Nne

Siku ile zwazwa alikuwa yeye, na fundi wa masofa hajawahi kulikataa hilo. Anachobishia mpaka leo ni kiwango tu: wenzake wanasema alikuwa zwazwa wa mtaa mzima, yeye anasema wa nyumba moja.

Nyumbani kwake aliishi mama mkwe, na mama mkwe alikuwa na paka dume, mweupe, mwenye kiraka cheusi mgongoni. Walimwita Meneja kwa sababu alikagua kila kazi na hakufanya hata moja. Sofa likishavalishwa kitambaa, gundi bado inanukia, Meneja anapanda, anazunguka mara mbili, kisha ananoa kucha. Siku moja, mbele ya ukoo mzima, fundi aliapa kwamba kifo cha paka yule kitatoka mkononi mwake. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Maneno yale aliyaweka akiba.

Sasa mama alikuwa amekwenda kumsaidia binti yake mwingine aliyejifungua, na alikuwa arudi siku hiyo, saa saba mchana. Na Meneja, tangu jana yake, hakuwa sawa. Chakula hakugusa. Alikwenda kwenye beseni lake la mchanga, akachuchumaa, akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, akatoka mtupu. Dakika tano hazijaisha, karudi. Tangu alfajiri fundi alimhesabia mara kumi na moja, na matokeo yake yote yasingejaza kifuniko cha chupa.

"Akifa huyu," mke wake akamwambia, "mama hatauliza kaumwa nini. Atauliza ulitumia mkono gani."

Fundi alicheka, kisha akaenda kutafuta kapu.

Saa nne na nusu alimtia Meneja kapuni, akampeleka kwenye kliniki ya wanyama, ile yenye milango ya vioo. Dada wa mapokezi akamweleza kwa upole kwamba kumwona daktari tu, kabla mnyama hajaguswa hata mkia, ni bei ya kochi la mtu mmoja.

"La mbao ngumu au la mbao laini?" fundi akauliza.

Dada hakuelewa kama ule ulikuwa mzaha. Fundi mwenyewe hakuwa na hakika.

Njiani kurudi akaona tangazo mlangoni mwa duka la vyakula vya mifugo: OFISI YA MIFUGO. USHAURI WA BURE KWA SIMU KWA WAFUGAJI WA NG'OMBE, MBUZI NA KONDOO. Chini yake palikuwa na maandishi mengine, madogo kama sisimizi. Hakuyasoma. Mtu akishaona neno bure, macho yake hayashuki zaidi.

"Piga, useme ukweli," mke wake akamshauri walipokuwa wamekaa chumbani, Meneja kajibanza juu ya kabati.

"Paka hayumo kwenye tangazo. Nitasema ng'ombe."

"Angalau sema mbuzi, baba watoto!"

"Mbuzi nani atamwonea huruma? Ukiamua kudanganya, danganya kitu chenye nyama."

Akapiga. Ikapokewa na sauti ya mwanamke, ya haraka, kama ya mtu anayeandika huku anasikiliza.

"Daktari wa mifugo hapa. Nikusaidie nini?"

"Nina ng'ombe wangu mgonjwa, daktari."

"Jike, dume?"

"Dume. Mkojo hautoki. Anachuchumaa, anasukuma, anali—"

"Anachuchumaa?"

Mke akafumba macho.

"Anainama kidogo," fundi akasema. "Ni ng'ombe mwenye adabu."

"Uzito wake?"

"Kilo nne—" Mke akamfinya. "—mia. Kilo mia nne."

"Unamlisha nini?"

"Dagaa wakavu."

"Dagaa?"

"Na majani! Majani mengi, daktari. Dagaa ni kitoweo tu."

Mke wake alikuwa ameshajiziba mdomo kwa mto, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka.

"Maji anakunywa?"

"Kidogo sana. Anapenda ya kwenye glasi yangu."

"Glasi yako."

"Ni glasi kubwa."

"Na sasa hivi yuko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Baba, unaniambia ng'ombe yuko juu ya kabati?"

"Nyuma! Nyuma ya kabati. Kabati tulilitoa nje."

Mke akaanguka kitandani na mto wake, miguu juu. Fundi naye alikuwa anauma shati asiangue kicheko, na pengine angeangua, kama ile sauti isingebadilika ghafla.

"Nisikilize vizuri. Dume asiyekojoa tangu jana si wa kuchekewa. Kibofu kinaweza kupasuka. Ukimwacha mpaka jioni, humpati. Usimpe dawa yoyote, usimkande tumbo. Nielekeze kwako, nakuja mwenyewe."

"Hapana, daktari, mimi nilitaka ushauri tu wa—"

"Huo ndio ushauri. Nielekeze."

Akamwelekeza. Simu ikakatika. Mke akainuka kitandani, kicheko kimemwisha kama maji yaliyomwagwa.

"Kasema humpati?"

"Kasema simpati."

Fundi akapanda kiti, akaweka kidevu chake ukingoni mwa kabati. Meneja alimtazama bila kukoroma wala kukaripia, na hilo ndilo lililomtisha. Paka yule hata usingizini alikuwa akimkaripia.

"Meneja," akamnong'oneza. "Shuka, mzee. Leo navalisha sofa la mwalimu mkuu, mahameli ya kijani. Njoo ulichane lote, sitasema neno."

Meneja hakushuka. Ikabidi abebwe.

Haikupita nusu saa, pikipiki ikanguruma uani. Daktari aliingia na mabuti ya mpira, hatamu begani, kamba nene mkononi. Nyuma yake wakaja wabeba magunia watatu aliowakusanya pale dukani, vifua kama milango, mikono wamekunja tayari.

"Dume liko wapi?" daktari akauliza.

Mke akatoka na kapu, akafunua kitambaa.

Mbeba magunia wa kwanza akachungulia kapuni. Kisha akachungulia nyuma ya mke. "Na ng'ombe?"

"Ndiye huyo," fundi akasema, anatazama kucha zake.

Daktari aliitazama kamba yake. Akalitazama kapu. "Kilo mia nne," akasema polepole.

"Nilizidisha sifuri mbili, daktari. Tangazo lenu halikumtaja paka."

"Limemtaja. Chini kabisa: paka na mbwa, kila Alhamisi, kwa gharama nafuu. Leo ni Alhamisi. Nimetoka kutibu paka wanne asubuhi hii."

"Maandishi yenyewe madogo mno, daktari."

"Na ng'ombe wako je?"

Wabeba magunia wakapasuka. Mmoja alikaa chini kabisa, juu ya marobota ya sponji, akawa anajipiga paja. Lakini daktari alishaweka kamba chini na kutia vidole tumboni kwa Meneja, na uso wake haukuwa na mchezo.

"Kibofu kigumu kama chungwa bichi. Nipeni meza, upesi! Na mumshike."

Meza ilikuwa moja tu, ya kukatia vitambaa, na juu yake mahameli ya mwalimu mkuu. Hapakuwa na muda wa kukunja. Daktari akatoa kwenye sanduku la pikipiki sindano ya kumlegeza na mpira mwembamba kama utambi, wa kuzibua njia ya mkojo. Wale wanaume watatu, waliokuja kuangusha dume, wakashika kila mmoja mguu wake, na fundi akashika wa nne. Kabla sindano haijakolea Meneja alikuwa amemchana mmoja kiganja, amemng'ata wa pili kidole gumba, na wa tatu alikuwa anapiga kelele ingawa hajaguswa.

"Magunia mnabeba mangapi kwa siku?" daktari akawauliza bila kuinua kichwa.

"Magunia hayana meno, daktari!"

Kisha paka akalegea. Daktari akafanya kazi yake kimya, taratibu, mpira ukiingia kidogo, ukikwama, akisukuma maji kidogo, ukiingia tena. Fundi hakupumua. Mguu mdogo ule ulikuwa mkononi mwake, wa moto, laini, kucha zote ndani. Akagundua kwamba anausugua kwa kidole, taratibu, kama anavyokagua mshono.

Mkojo ukatoka.

Ukatoka kwa nguvu, wa rangi ya chai, ukaruka juu ya mahameli ya mwalimu mkuu, ukachora bahari, visiwa na mto.

"Unatoka!" fundi akapiga kelele. "Mama watoto, unatoka!" Akamkumbatia mbeba magunia aliye karibu, yule akamkumbatia mwenzake, mke akapiga vigelegele, na majirani wakajaa getini kuuliza nani kaoa.

Gharama yote, na mafuta ya pikipiki ndani, haikufika bei ya mita mbili za mahameli yale. Daktari alikuwa anawaeleza masharti, kwamba dagaa wakavu basi, samaki achemshwe na apewe na mchuzi wake, maji yawekwe kila pembe ya nyumba na kesho arudishwe ofisini aangaliwe, pale mama mkwe alipoingia na begi lake. Akawaona wanaume watatu, wawili wao na bendeji, akaona kamba, hatamu, na paka wake kalala mezani ulimi nje.

"Mkono gani?" akauliza.

"Mzima, mama!" fundi akaruka. "Mzima kabisa! Nimemwokoa mimi!"

Mke akasimulia yote, ya kabati, ya glasi, ya ng'ombe mwenye adabu. Mama mkwe alisikiliza huku kamlaza Meneja kifuani. Mdomo ulimcheza mara moja, akaudhibiti.

"Kwa hiyo ulimdanganya mtu wa watu," akasema.

"Mama, ningesema paka, nani angekuja mbio vile? Daktari mwenyewe aseme."

"Ningekwambia umlete, ukamleta," daktari akasema. "Robo saa kwa miguu."

"Robo saa si ndogo! Hapana, mama, hapa tusemezane ukweli." Fundi alikuwa juu ya mawingu, na huko juu mtu hasikii mkewe akimkonyeza anyamaze. "Uongo unaoponya si uongo, ni dawa. Mgonjwa mtaje vyovyote, muhimu daktari afike. Au nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu," mama mkwe akasema. "Siku ukiugua wewe, nitampigia daktari huyuhuyu nimwambie nina jogoo hoi. Tuone ataanza na sindano au na kisu."