Waya Haukukatika

Watu wote uwanjani walidhani waya umekatika. Katibu wa chama alinifokea mbele yao kwamba vifaa vyangu ni vyuma chakavu, nikainamisha kichwa kama mtu mwenye kosa. Kosa nilikuwa nalo kweli, ila si hilo.

Mimi ni fundi wa spika. Shule niliacha darasa la tano, lakini nipe uwanja wowote nitakuambia spika zikae wapi ili bibi aliyeketi mwisho kabisa amsikie mgombea akimeza mate. Chama chetu nimekifanyia kazi chaguzi nne. Nilikipenda kwa sababu dada yangu alikipenda, na dada alikipenda kwa sababu ndicho kilichosema mwanamke ni mtu. Kile kingine kilisema mwanamke ni pambo au ni mzigo, kutegemea na siku.

Dada yangu ni mkunga. Mtaa mzima unamwita Bi Mkasi, kwa sababu amekata vitovu vya nusu ya watu wanaomsalimia njiani, na kwa sababu ya ulimi wake. Ndiye aliyenishika mkono nilipoacha shule akanipeleka kwa fundi wa redio. "Huyu kichwa chake hakishiki maandishi," alimwambia, "lakini mikono yake inasikia."

Uchaguzi uliopita chama kiliahidi nyumba ya hifadhi: vyumba sita vya wanawake wanaopigwa na waume zao, walale humo mpaka mambo yapoe, au mpaka waamue. Dada alizunguka mlango kwa mlango akiomba kura kwa ajili ya nyumba hiyo. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda, paa likaezekwa. Kisha ikapakwa rangi za chama, ikatundikwa bendera, ikatiwa kufuli, ikawa ofisi ya kata. Wanawake wakaendelea kulala kwa dada, sebuleni, kwenye mkeka kati ya kochi na kabati la vyombo.

Basi mkutano ule, wiki mbili kabla ya uchaguzi, ulipofika wakati wa maswali, dada akanyoosha mkono. Akapewa maiki.

"Mheshimiwa, mimi ni mwanachama wa miaka ishirini na miwili. Sikuja kuomba, nimekuja kuuliza. Nyumba yetu iko wapi?"

Wanawake wa mbele wakapiga makofi. Mgombea akatabasamu tabasamu la picha.

"Na msidhani nasema mambo ya kusikia," dada akaendelea. "Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Wa damu yangu mimi..."

Hapo sauti ikafa.

Sikuizima ghafla. Ukizima ghafla watu wanajua. Niliitikisa kidogo plagi ya waya wa maiki yake, spika zikakwaruza kama waya mbovu, huku kidole cha mkono wa pili kikishusha sauti polepole. Ule ni ufundi. Si kila mtu anaweza, na ndiyo sababu unaniuma. Dada akaigonga maiki, akaipuliza, akaigeuza kuitazama. Jenereta lilikuwa likinguruma nyuma yangu, hata mimi sikusikia alichosema.

"Bi Mkasi, umekata hadi waya!" mmoja akapiga kelele, na uwanja ukaangua kicheko.

Kati yangu na katibu kulikuwa na lugha. Akigusa sikio, niongeze. Akijikuna shingo, nishushe. Siku ile alijikuna shingo. Nikaweka wimbo wa chama, wanawake wakainuka kucheza, na dada akabaki amesimama katikati yao na maiki mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Mkutano ulipokwisha, katibu alinifokea kama nilivyosema, kisha akanikonyeza. Dada alikuwa anakuja kwa nyuma. Hakuona jicho, alisikia mdomo tu.

"Usimfokee mdogo wangu!" akamwambia. "Waya huo ameuunga mara mia kwa sababu nyie hamtaki kumpa mpya. Mnataka kusikika kwa nyaya za kuokota?" Kisha akanigeukia. "Pole, mdogo wangu. Umekula leo?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Nyumbani, mke wangu alikuwa akishona kifungo cha shati langu. Alikuwa uwanjani pia, nyuma, chini ya spika ya kushoto. Hakuinua macho.

"Baba watoto, waya ulikatika?"

"Ulikatika."

"Ulikatika wapi?"

"Karibu na plagi."

Akakata uzi kwa meno. "Miaka kumi na tisa nakusikia hapo uani ukipima, moja mbili, moja mbili. Sijawahi kusikia waya wako ukikwaruza hata siku moja. Leo ndiyo umeamua kukwaruza, akisema wifi yangu?"

"Sasa unataka kusema nini?"

"Mimi? Sisemi kitu. Mimi si wa chama chochote." Akanitupia shati. "Ila jiulize ulikuwa unaogopa atasema nini."

Sikuhitaji kujiuliza. Miaka kumi na moja iliyopita nilimpiga mke wangu. Si kofi moja. Alitoka na khanga na kandambili, akaenda kwa dada, akalala pale siku kumi na moja. Dada alikuja kunitazama siku ya tatu. Hakunitukana. Alisimama mlangoni akasema, "Siku ukirudia, nitakutangaza." Sikurudia. Lakini neno lile "nitakutangaza" lilikaa kichwani mwangu miaka yote hiyo, na siku dada aliposema "mfano wa nyumbani kwetu, wa damu yangu", uwanja mzima, spika nane, kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Wiki nzima nilijisimulia kwamba katibu alijikuna kwanza. Nilijisimulia nikiwa naoga, nikiwa nazungusha nyaya. Alijikuna, nikatii, mimi ni mtu wa kazi tu. Hadithi hiyo haikukaa. Nilishusha sauti, ndipo nikainua macho kuona kama kuna aliyeniona, na katibu akawa ndiyo kwanza anapeleka mkono shingoni. Alijikuna baadaye. Hata hakuwa na haja.

Jumatano dada aliniita kwake saa tisa. Sebuleni kulikuwa na wanawake saba au wanane, wengine chini, wengine kwenye mikono ya kochi. Niliwajua wawili: mwuza mboga wa kona, na mwalimu wa watoto wadogo. Msichana mmoja mwenye bandeji mkononi aliniletea maji, akaweka glasi mbali kidogo na nilipokaa, kisha akarudi kusimama karibu na dada.

"Basi tuhamie kwa wale wengine," mwuza mboga alikuwa akisema. "Tuwatie adabu hawa."

"Wale?" mwalimu akaruka. "Hukumsikia mgombea wao? Kasema, 'Nyumba ya kukimbilia ya nini? Mwanamke ana nyumba ya mumewe, akipigwa sebuleni akimbilie chumbani!' Na watu walicheka, mpaka wakakaa chini."

"Basi tukae nyumbani."

"Ukikaa nyumbani nani atajua umekasirika? Mumeo?"

Wakacheka wote, hata msichana mwenye bandeji. Dada ndiye hakucheka. Akawapigia meza.

"Nisikilizeni. Chama chetu hakijatukataa. Hakijatusikia tu. Nilisimama, nikauliza, waya ukakatika. Mgombea hajajibu kwa sababu swali halikumfikia. Milango tuendelee kuigonga, kura tukiombee. Jumamosi ndiyo mkutano wa mwisho. Nitasimama tena. Akisikia mbele ya watu wote, atajibu, na akijibu tutamshika kwa ulimi wake. Asipojibu, hapo tutajua." Akanigeukia. "Huyu atanipa waya mzima. Au sivyo, mdogo wangu?"

Wote wakanitazama. Mwuza mboga akasema, "Fundi, usituangushe tena, jamani."

Nimewahi kupigwa na umeme mara nyingi. Afadhali umeme.

Ningeweza kunyamaza. Jumamosi ningempa maiki safi kabisa, na pengine mambo yangeisha. Lakini nilimjua katibu, angejikuna shingo tena, na safari hii mimi ningekuwa sina pa kujificha. Na wanawake wale walikuwa wanakwenda kugonga milango arobaini, hamsini, kwa sababu ya waya ambao haukukatika.

"Dada," nikasema, "twende nje mara moja."

Tulisimama uani kati ya mashuka aliyoanika, mashuka ya wageni wake. Nilimwambia bila kuzunguka, maana nikizunguka sifiki.

"Waya haukukatika. Nilikushusha."

Akanitazama kama ananipima joto. "Nani alikutuma?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningesema "katibu" na nusu ingekuwa kweli. Angekwenda kumvua katibu nguo mtaa mzima, na mimi ningebaki mdogo wake, mtu wa kazi, aliyelazimishwa. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Kweli kabisa, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hakuna," nikasema. "Katibu alijikuna shingo, ndiyo, alitaka nishushe. Lakini nilikuwa nimeshashusha. Niliposikia 'mfano wa nyumbani kwetu' nikajua unakuja kunitangaza. Mimi na mke wangu."

Dada akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Sijawahi kumwona amekaa hovyo hivyo. Akapangusa mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji.

"Wewe?" akasema. "Ulidhani nakusema wewe?"

"Ulisema wa damu yako."

"Damu yangu mimi, mjinga wewe! Yangu! Iliyotoka puani mwangu!" Akashusha sauti, maana dirisha lilikuwa wazi. "Shemeji yako, Mungu amrehemu. Miaka tisa. Huyo mliyekuwa mkimwita mpole. Huyo uliyembeba mazishini ukilia kuliko mimi."

Nilimkumbuka shemeji akinifundisha kufunga tai. Nilijaribu kuiona mikono yake ikifanya kitu kingine, na jambo baya ni kwamba iliwezekana upesi.

"Nilikaa mwezi mzima nikijifunza kulisema," dada akasema. "Mbele ya kioo, kama mtoto anayekariri shairi. Sijalisema hata kwa mama mpaka anaingia kaburini. Nikasema, nikilisema mimi, Bi Mkasi, hakuna atakayesema ni wanawake wadhaifu ndio wanaopigwa. Nikapata ujasiri siku moja. Siku moja tu, mdogo wangu. Nawe ukanishusha."

"Jumamosi nitakupa—"

"Jumamosi utanipa nini? Wewe unadhani vitu hivi ni bomba, unafunga unafungua?"

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Toka hapo kwenye mashuka, unayachafua." Nikasogea. Kisha akaniambia niingie ndani nikawaambie wanawake wale mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nilifika mlangoni. Nikaona nyuso zile zote zikigeuka, na mwuza mboga ameshaanza kutabasamu akidhani ninaleta utani. Sikuweza. Nilisimama pale nimeshika fremu ya mlango, na dada akanipita, akaingia.

"Waya haukukatika," akawaambia. "Nilinyamazishwa. Chama kilitaka ninyamaze, na ndugu yangu alitaka ninyamaze, na ndugu yangu aliwahi. Milango hatugongi tena. Sitawaambia mumpigie nani kura, sijui. Nilikuwa najua, sasa sijui."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo sikulitegemea. Mwalimu akaokota mkoba wake. Mwuza mboga akauliza, "Sasa sisi tuko wapi, Bi Mkasi?" na dada akasema, "Tuko hapa sebuleni, mama. Ndipo tulipo." Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wananipita mlangoni, kila mmoja anakunja bega ili asiniguse.

Nilimpigia katibu simu jioni ile nikamwambia Jumamosi siji. Nilidhani nimefanya kitu kikubwa. Akasema, "Sawa, fundi," akakata. Jumamosi saa sita walikuwa wamepata fundi mwingine, na saa nane sauti ya mgombea ilikuwa inatufikia sebuleni kwetu, safi, bila mkwaruzo wowote. Alisema wanawake ni nguzo ya taifa. Alisema mara tatu. Hakuna mwanamke aliyepewa nafasi ya kuuliza.

Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Tulikaa tukimsikiliza mgombea mpaka akamaliza, ukawekwa wimbo.

"Utampigia nani?" nikamwuliza.

"Nitapanga foleni," akasema. "Nikifika ndani nitajua. Au sitajua. Wifi kasema tutakwenda pamoja."

"Kasema? Mmeonana lini?"

"Kila siku tunaonana. Ni wewe tu usiyeonana naye."

Akageuza shati upande wa pili. Nikaona heri niseme nililolibeba tangu Jumatano.

"Unajua dada alikuwa anataka kusema nini siku ile? Shemeji alikuwa anampiga. Miaka tisa."

Nilitegemea ashike mdomo, au aketi. Aliendelea kupiga pasi.

"Najua," akasema. "Aliniambia siku ya kwanza niliyolala kwake. Alinionyesha na alama, hapa nyuma ya sikio."

"Miaka kumi na moja unajua?" Nilihisi hasira inapanda, kwanza hata sikujua ni ya nini. "Mke wangu, miaka kumi na moja! Yule ni dada yangu wa tumbo moja. Kwa nini hukuniambia?"

Akasimamisha pasi wima ili isiunguze nguo. Kisha akanitazama, bila chuki, kama mtu anayetaka kuelewa swali lenyewe.

"Nikuambie wewe?" akasema.