Sauti ya Gabrieli Msengi Mbele ya Baraza

Saa nne asubuhi ya Jumatatu, Ritha alikuwa dukani kwake Utemini, akisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, mama mmoja mtu mzima alipopiga hodi na kanda ya VHS iliyofungwa ndani ya kitenge. Duka hilo lilikuwa na kazi tatu: kuuza kava za simu, kupiga picha za pasipoti, na kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye diski. Kazi ya tatu ndiyo Ritha aliyoipenda, na ndiyo iliyokuwa na wateja wa kuhesabika.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii wewe unaiweza? Kila ninapoipeleka wananiambia ni chenga tupu.”

Jina lake Martina, na alitoka kijiji kimoja mbele ya Ulemo, njia ya Kiomboi. Ritha aliitia kanda kwenye deki. Kweli, picha ilikuja nyeusi na nyeupe, ikipanda juu mfululizo bila kutulia. Aliitazama kidogo, akaitoa.

“Haina ubaya, mama. Imepigwa na kamera ya Amerika. Televisheni ya kwao inataka picha thelathini kila sekunde, kasoro kidogo. Ya kwetu inataka ishirini na tano.”

“Na hizo tano?”

“Tunazitupa. Picha haina shida. Shida ni sauti. Sauti huwezi kuitupa vipandevipande, na ile kasoro ndogo usipoiangalia, kila saa moja mdomo na sauti vinaachana sekunde tatu na nusu. Unamwona mtu anacheka, kicheko kinakuja ameshanuna.”

Martina aliitikia kama mtu aliyeelewa. Kisha akaeleza kilichomo. Mwaka 1996 mchungaji mmoja wa Kimarekani aliwachimbia kisima kijijini, na siku ya mkutano akawapiga video. Kisima kilikuwa kwenye shamba la Martina, alilopewa na baba yake. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo alitaka shamba lote liwe la kijiji, na mumewe Martina, Gabrieli Msengi, alisimama akakataa mbele ya watu wote. Mwaka uliofuata Gabrieli akafa. Mchungaji alituma kanda kwa posta, ikamkuta mwenyewe kaburini. Leo shamba lile linalimwa vitunguu na Chediel, mtoto wa yule mwenyekiti, na muhtasari wa mkutano unasema: Ndugu Gabrieli aliridhia, na wajumbe wakathibitisha kwa makofi.

“Aliridhia wapi!” Martina alisema. “Makofi yale yalikuwa ya kumkaribisha mgeni. Alhamisi saa tatu kesi inasikilizwa hapa mjini, baraza la ardhi. Karani kaniambia wana TV ya chogo na deki ya diski, na inakubali mfumo wa kwetu tu.”

Ritha alimwambia aje Jumatano. Akaanza kazi siku ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa na njia yake, ambayo Ritha hakufundishwa na mtu. Mikutano yote ya nchi hii ina makofi matatu. Mtu akitajwa cheo, makofi matatu. Mgeni akisimama, makofi matatu. Basi Ritha hutafuta pale viganja vinapokutana kwenye picha, akatafuta pale mlio unaporuka kwenye sauti, akavifunga pamoja. Hapo kila mdomo hupata neno lake. Kwenye kanda hii makofi yalikuwa dakika ya kumi na mbili, mchungaji aliposimama kusalimia. Ritha akafunga. Mwenyekiti akakaa sawa. Mchungaji akakaa sawa na Kiswahili chake cha kubabaisha. Hata mbuzi aliyepita nyuma ya meza kuu alilia mdomo ukiwa wazi.

Gabrieli peke yake hakukaa sawa. Alisimama dakika ya arobaini, mtu mrefu mwenye koti lililombana mabegani, akafungua mdomo, na sauti yake ikaja sekunde nne baadaye; maneno ya mwisho yakamkuta ameshakaa kwenye benchi. Ritha alikata kile kipande cha sauti, akakiwahisha sekunde nne. Alipocheza tena, Gabrieli alikuwa nyuma sekunde nane. Akamwahisha tena, ikawa kumi na sita. Akamwacha kabisa bila kumgusa, akacheza, ikawa thelathini na mbili. Ritha aliandika kwenye daftari: kila akichezwa, anachelewa mara mbili ya mwanzo. Akaenda kumuuzia mteja kava, akarudi, na mpaka usiku akamcheza mara sita zaidi; hesabu haikukosea.

Jumanne alichoma diski. Sauti ya Gabrieli ilihamia yote kwenye diski ile, na kwenye kompyuta na kwenye kanda ikabaki picha tu. Alijaribu kuchoma nyingine; ilitoka na Gabrieli bubu. Mchana aliicheza ile diski ya kwanza kuijaribu, akaitoa, akaitia kwenye droo. Alikuwa anampiga picha ya pasipoti dada mmoja anayeitwa Happiness pale droo iliposema, kwa sauti nzito ya taratibu, “Mwenyekiti, naomba nafasi.”

“Nisigeuke?” Happiness akauliza.

“Usigeuke. Angalia hapahapa.”

Droo ikamaliza maneno yake. Happiness alilipia picha, akasema mzee huyo anaongea vizuri, akaenda zake.

Jumatano jioni Martina alifika na kuku mmoja wa zawadi. Ritha alimweleza yote. Aliogopa mama atalia, maana yeye mwenyewe alishajiona ameharibu mali ya mtu. Martina alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka kuku chini.

“Ndivyo alivyokuwa,” akasema. “Siku ya posa baba alimuuliza ataleta ng'ombe wangapi. Akajibu kesho yake.”

“Ila kesho, mama, watamwona anafumbua mdomo, hawatasikia kitu.”

“Sasa anachelewa kiasi gani?”

“Mara ya mwisho ilikuwa saa moja na dakika nane. Akichezwa tena itakuwa saa mbili na dakika kumi na sita.”

Martina alifikiri. Halafu akasema neno ambalo Ritha, pamoja na daftari lake, hakuwa amelifikiria. “Basi tumwamshe mapema.”

Mama alilala kwa Ritha. Asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne, walifungua duka, wakatia diski kwenye deki, wakairusha mpaka pale Gabrieli anaposimama. Aliinuka, akatikisa midomo, akakaa. Martina alisogea karibu na kioo. Ilikuwa miaka mingi hajamwona akiinuka. Kisha wakatoa diski, Martina akaifunga kwenye kitenge, wakaenda kwa miguu hadi ofisi ya baraza.

Walifika saa mbili na nusu. Karani, anayeitwa Urbano, alikuwa anapanga viti na kufuta vumbi kwenye TV. Kwenye benchi la mbele alikaa Chediel, suruali imepigwa pasi, kofia magotini. Aliinuka.

“Shikamoo mama Msengi.”

“Marahaba. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo mama.”

Mwenyekiti wa baraza hakuwepo. Wazee wawili wanaokaa naye hawakuwepo. Meza yao ilikuwa na kitambaa cha kijani na chupa tatu za maji ambazo hazijafunguliwa.

Saa tatu kamili, kutoka mapajani kwa Martina, Gabrieli Msengi akasema:

“Mwenyekiti, naomba nafasi. Mimi ni Gabrieli Msengi. Shamba la kisimani ni la mke wangu, alipewa na baba yake, na mimi nimelikuta. Maji chotani wote, hata usiku wa manane njooni. Lakini ardhi hatutoi. Andikeni hivyo.”

Urbano alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi mpaka maneno yakaisha. Chediel aliinamisha kichwa, maana anayeongea alikuwa wa rika la baba yake. Mfagizi mlangoni aliitikia, “Sawa mzee.”

“Ndugu karani,” Ritha alisema, “umemsikia?”

“Kila neno.” Urbano alichukua daftari la mahudhurio. Kwenye safu ya jina akaandika Gabrieli Msengi, kwenye safu ya muda akaandika saa tatu kamili, na kwenye safu ya sahihi akaweka mstari. “Ila baraza bado halijakaa.”

“Si mliandika saa tatu?”

“Tuliandika, dada yangu.”

Wakasubiri. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ritha alihisi hasira ikimpanda, na alitaka kusema jambo, lakini hakukuwa na wa kuambiwa ila viti. Saa sita mwenyekiti wa baraza akaingia na wazee wake wawili, akapangusa jasho, akaomba radhi kwamba kulikuwa na msiba. Akafungua chupa ya maji.

Baada ya dakika chache diski ikachezwa, Ritha akiirusha kutoka kipande hadi kipande. Picha ilikuwa safi, Ritha mwenyewe aliiona, rangi zimetulia na hakuna mkwaruzo. Makofi matatu yalilia pamoja na viganja, pa, pa, pa, na mzee mmoja wa baraza akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika na ubora wake. Kisha, saa sita na nusu kamili, Gabrieli akasimama. Alitikisa midomo kwa muda, kimya. Akakaa.

“Huyu amesema nini?” mwenyekiti akauliza.

“Ameshasema,” Martina alijibu. “Saa tatu.”

“Karani?”

“Ni kweli mheshimiwa. Yumo kwenye mahudhurio.”

Mwenyekiti aliliangalia daftari, akamgeukia Chediel. “Na wewe ulikuwepo?”

“Nilikuwepo mheshimiwa. Nilimsikia. Ni sauti yake yeye, hakuna ubishi.”

“Alisemaje?”

Chediel aliikunja kofia yake. “Alikataa.”

Mwenyekiti alishauriana na wazee wake kwa kunong'ona. Kisha akasema, kwa upole, kwamba baraza halina shaka na ukweli wa mzee Msengi, ila ushahidi hupokelewa baraza likiwa limekaa, na saa tatu lilikuwa halijakaa. Kilichosikika mbele ya baraza ni makofi, na muhtasari nao unasema makofi.

Ritha alisimama. “Mheshimiwa, atasema tena. Kwa kuwa amechezwa sasa hivi, atafika saa kumi na moja na dakika tatu. Nina hesabu yake hapa. Msubirini tu.”

Mwenyekiti alipokea daftari la Ritha, akapitia hesabu mstari kwa mstari, akaona ni sahihi. “Binti, ofisi hii inafungwa saa tisa na nusu.”

“Basi ahirisheni.”

“Tulishaahirisha mara nne. Chelewa chelewa, mama,” alimwambia Martina, “utamkuta mwana si wako.”

Uamuzi ukasomwa. Shamba la kisimani likabaki kwa Chediel. Diski ikagongwa muhuri, ikapewa namba ya kielelezo, na Urbano akaifungia kwenye kabati la chuma, kwa sababu kielelezo ni mali ya baraza na hakitoki.

Saa tisa na nusu walifunga milango. Martina hakuondoka. Alikaa kwenye sakafu ya varanda, chini ya dirisha la chumba chenye kabati, akanyoosha miguu. Ritha akakaa naye. Mlinzi, Hosea, aliwatazama, akawaletea maji kwenye kopo.

“Umechoka mama?” akauliza.

“Nimechoka mwanangu. Lakini hata njaa siisikii.”

Chediel alitokea upande wa barabara, ameshanunua mbolea, ameipakia kwenye pikapu. Alipowaona alisimamisha gari, akashuka. Hakutaka kupita bila kuaga.

“Shikamoo tena mama.”

“Marahaba.”

“Naelekea nyumbani. Mbele kuna nafasi.”

“Tangulia tu. Namsubiri baba watoto.”

Chediel aliangalia dirisha, akaangalia saa yake. “Basi msalimie.”

“Zimefika.”

Pikapu ikaondoka. Saa kumi na moja na dakika tatu, Hosea alipunguza redio yake, na kutoka ndani ya kabati la chuma, nyuma ya dirisha lililofungwa, Gabrieli aliomba nafasi. Alitaja jina lake. Alisema shamba ni la nani na kalipata wapi. Akawakaribisha watu wote kwenye maji, hata usiku wa manane. Akasema ardhi hawatoi. Akasema waandike hivyo.

Ndani hapakuwa na mtu. Martina aliinuka kwa kushika ukuta, akaweka mdomo wake karibu na kioo.

“Wamekusikia,” akamwambia. “Wote wamekusikia.”

Kisha akajifunga kitenge, akamuuliza Hosea kama gari la Kiomboi bado lipo.