Yowe la Lambo

Lori lilikuwa limekwisha kugeuzia lambo mgongo, bodi linaanza kuinuka, Lusia alipotokea kwenye minyaa, jembe begani, akimswaga ng'ombe wake. Ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba. Ng'ombe mwenzake alikufa masika yaliyopita, baada ya watu wasiojulikana kumwaga tope la sumu la kuchenjulia dhahabu pale pale ukingoni. Malalamiko yalifika kijijini, yakafika wilayani, na kote jibu lilikuwa moja: wakamateni kwanza. Haya, kamata basi lori kwa mikono mitupu!

Aliwasalimu vizuri dereva na utingo wake, akawaomba wasimwage. Dereva, kijana mwenye miwani ya jua, akamwambia huo ni udongo kama udongo mwingine.

"Nenda nyumbani, mama. Hapa hajaibiwa mtu."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Mwano, lile yowe la kuitana, hupigwa kwa wizi wa ng'ombe, kwa moto au kwa kifo. Anayelisikia huacha alichoshika, akalipokea kwa sauti yake, akakimbia. Na anayelipiga bure hutozwa ng'ombe. Siku hiyo wanaume wote walikuwa mnadani. Uwavunjie mnada kwa ajili ya tope? Lusia alimtazama ng'ombe wake na tumbo lile lililoning'inia. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha tope likaporomoka, likaanza kutambaa kuelekea majini.

Akaweka kiganja mdomoni, akapiga.

Ng'ambo ya mashamba ya pamba mwanamke akalipokea, mwingine akalichukua kwake, likaenda hivyo hadi mnadani. Lusia hakungoja. Alishika jembe akainua tuta mbele ya tope, haraka haraka, kama anayepanda viazi mvua ikimfukuza. Tope likafika kwenye tuta, likasimama.

Watu wakaja na fimbo na marungu, mmoja bado ana mshikaki mkononi. Dereva alirukia usukani, lakini njia ya kutokea, ile ya kwenda Masumbwe, ilikuwa imejaa watu.

Mabula, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alifika akihema, uso ameukunja. "Mayu, mama yangu, ng'ombe wa nani kaibiwa?"

"Hajaibiwa," Lusia akasema. "Hawa wamewaletea kifo ng'ombe wetu wote, na wako wamo. Nimeona nisingoje mizoga ndipo niite. Kama nimekosea, huyu hapa, mchukueni." Akamnyooshea kamba ya ng'ombe wake.

Mabula hakuipokea. Alilitazama tope, akalitazama tuta, akayatazama maji yaliyokuwa bado meupe. Kisha akailaza fimbo yake mbele ya tairi la lori.

"Yowe ni halali," akasema. Akamgeukia dereva. "Zoeni."

Nao wakazoa! Dereva na utingo wake, kwa majembe ya kuazima, wakarudisha tope lote garini pamoja na udongo uliolowa chini yake, huku wanawake wakiwaonyesha kila walipobakiza. Miwani ilishazama topeni. Lori likaondoka polepole kwenda polisi, watu mbele, watu nyuma, wakiimba. Lusia alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alibaki peke yake. Akampeleka ng'ombe upande wa pili wa lambo, akalegeza kamba. Ng'ombe akanusa maji, akasita, akainamisha kichwa. Na kwa mbali, katika vijiji ambavyo habari ilikuwa haijafika, watu walikuwa bado wanapokezana yowe lake.