Ufunguo wa Kabati la Mama wa Mateso

Ufunguo niliutoa mwenyewe. Naanza na hilo ili mtu asije kusema namlaumu padre peke yake.

Sanamu nyingine za kanisa letu la mlimani zilimalizwa na mafundi wa zamani: malaika wanono wa dhahabu juu ya altare, Yesu wa udongo anayepigwa mijeledi katika vikanisa vya njiani, nywele zake za kweli, damu mpaka vidoleni. Mama wa Mateso peke yake alichongwa uso na mikono tu. Mwaka mzima hukaa kabatini, ufunguo ninao mimi. Mavazi ni kazi yetu, wajane watatu, kila Septemba asubuhi ya sikukuu yake. Tunafunga mlango. Hata padre haingii. Na sisi wenyewe hatumwangalii: tunamfunika shuka, tunaingiza mikono chini yake na kumvisha kwa kupapasa, huku tukisali rozari. Miaka kumi na tisa nimefunga vifungo vyake na sijawahi kuona kilichoko chini ya nguo. Gauni lake la ndani ni hariri ya harusi yangu. Nililitoa mwaka aliofariki Secondo, mume wangu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine kizuri cha kumpa Mungu.

Wakati wa Pasaka, Padre Aurelio alinijia na mwanamke mmoja wa Torino, Ottavia, mtaalamu wa sanaa.

"Mama Onorina, nondo wanakula pindo la joho," padre akasema. "Atamsafisha tu, kisha atakurudishia ufunguo."

Nikampa. Pindo lilikuwa limeliwa kweli.

Ufunguo ulirudi baada ya wiki tatu, pamoja na joho lililoshonwa pindo, nami nikaamini naye amerudishwa kabatini. Hatukuwa na haja ya kufungua kabati mpaka Septemba. Siku hiyo nilipanda na wenzangu Delfina na Ginetta, joho limepigwa pasi, liko kapuni. Tukakuta watu wamejipanga nje ya chumba kilicho kando ya sakristia.

"Foleni ya nini hii?" nikauliza.

"Labda wanagawa mvinyo," akasema Ginetta.

Tukapenya. Nikamwona.

Amesimama juu ya sanduku jeupe, taa mbili zinammulika, hana nguo. Uso ule ule unaolia, mikono ile ile. Na kutoka kifuani kwenda chini ni fito za mbao zilizopigiliwa misumari kama tenga la kuku. Bwana mmoja wa kaptura alikuwa amechuchumaa, anampiga picha kutoka chini. Kutoka chini! Na ukutani, limetanuliwa kwa pini, gauni langu. Kikaratasi kimeandikwa: "Nguo ya ndani. Kazi ya wenyeji. Haina thamani kisanaa."

Mimi niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua.

"Inuka hapo," nikamwambia yule bwana.

"Nimelipa kiingilio, bibi."

"Na mama yako naye tumwangalie hivyo kwa kiingilio?"

Akainuka. Ottavia akaja mbio. "Mama, tafadhali, msiguse! Watu wana haki ya kuona kazi ya fundi. Ile nguo ilikuwa inaificha."

"Fundi mwenyewe alitaka ifichwe, mwanangu. Angetaka ionekane, angechonga miguu."

Delfina, ambaye huwa hasemi, alikuwa ameshakunjua shuka kutoka kapuni na kulitupa juu ya kichwa cha Mama wa Mateso, taa na vyote. Mimi nikaanza kung'oa pini ukutani. Zilikuwa kumi na moja, na kila moja imeacha tundu kwenye hariri.

"Salamu Maria," Ginetta akaanzisha kwa sauti, na wanawake kwenye foleni wakaitikia. Wa kijiji na wageni vilevile. Wawili wakavua shali zao, wakazishika juu mbele yetu kama pazia. Wanaume wakatoka bila kuambiwa, na yule wa kaptura pia.

Nikaingiza mikono chini ya shuka. Fito zile nilizijua siku zote kwa vidole; nilidhani ni mikunjo ya mwili. Sasa nimeona, na siwezi kurudi nyuma. Hilo sijawasamehe, wala nafsi yangu. Nilifunga vifungo huku machozi ya hasira yakinitiririka mpaka kidevuni.

Tulipotoa shuka, Padre Aurelio alikuwa mlangoni, mwekundu usoni.

"Mama Onorina, mmeniaibisha mbele ya wageni. Haya mambo huzungumzwa."

"Ulizungumza na nani, padre, ulipomvua?"

Akatazama sakafu. Kengele za maandamano zilikuwa zimeanza kulia, na wabebaji wanne walikuwa wanangoja nje na machela.

"Haya, abebwe," akasema polepole. "Lakini baada ya sikukuu ufunguo ukae kwangu. Kanisa ni langu kuliangalia."

Nikautia ufunguo ndani ya blauzi, karibu na medali ya Secondo.

"Ukifiwa na mume, padre, uje nikupe."

Delfina akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huo. Wabebaji wakaingia, wakamwinua, nasi wajane watatu tukatangulia mbele yake kama kawaida, tukishuka mlima kupita vikanisa vyote. Kile kikaratasi kilikuwa mfukoni mwangu. Kwenye kikanisa cha mijeledi nilikichana vipande vipande, nikavitupa kwenye miguu ya wale wanaompiga Yesu.